Poti Ikisema Imeshikwa, Iamini

Leo nataka tuzungumze kuhusu soketi. Najua wengine mtaanza kupiga miayo, lakini nivumilieni, kwa sababu jambo hili lilikaribia kumpotezea mtu kazi yake, na mtu mwenyewe hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Kuna mstari ambao kila aliyewahi kuandika seva ameuona. Kwa Python unaandikwa hivi:

s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_REUSEADDR, 1)

Maelezo yanayoandamana nao huwa mafupi mno. Ukiwasha seva yako ukaletewa kosa la "Address already in use", yaani anwani tayari inatumika, tia mstari huu na kosa litaondoka. Na kweli litaondoka. Ninachobishana nacho ni hicho kuondoka. Kwenye Linux ushauri huo ni mzuri. Kwenye Windows ni hatari, na ni hatari ya aina mbaya kabisa, ile isiyopiga kelele. Sisi wa huku, wengi tunaandika programu kwenye Linux kisha tunawafungia wateja ambao kompyuta zao za ofisini ni Windows tupu. Kwa hiyo tumesimama pale pale ambapo mstari huu unageuka maana.

Tuanze na poti yenyewe. Hapa Mombasa ukitaja poti mtu anafikiria Kilindini, na safari hii mawazo hayo yanatufaa. Chukua kwamba anwani ya IP ya kompyuta ni bandari, na nambari ya poti ni gati. Programu inayotaka kupokea wageni huomba gati kwa amri ya bind, kisha husema iko tayari kwa amri ya listen. Gati moja, meli moja. Meli ya pili ikija, inaambiwa nafasi imeshikwa.

Sasa, muunganisho wa TCP ukifungwa, upande uliotangulia kufunga hauachi kila kitu papo hapo. Unaingia katika hali iitwayo TIME_WAIT. Huenda jibu lake la mwisho limepotea na upande wa pili ukalihitaji tena, au kuna pakiti iliyozurura njiani itakayofika kwa kuchelewa. Pakiti kama hiyo isije ikapokelewa na muunganisho mpya uliokaa mahali pale pale. Kule gatini tungesema meli imeshaondoka, lakini karani hajafunga daftari lake, maana kuna kreti moja ya mzigo wake bado haijulikani iko wapi. RFC 793 ya Septemba 1981 ilikadiria umri wa pakiti kuwa dakika 2, ikaagiza kusubiri mara mbili ya hapo, yaani dakika 4. Linux haina subira hiyo, yenyewe husubiri sekunde 60.

Matokeo yake unayajua. Unaizima seva wakati wateja wameunganishwa, unaiwasha tena baada ya sekunde tano, na bind inakataa. Linux itakupa nambari 98, Mac 48, Windows 10048. Nambari tatu tofauti kwa kosa lenye jina moja. Hiyo peke yake ingetosha kutushtua kwamba mifumo hii haikubaliani kama tunavyodhani.

Hapo ndipo SO_REUSEADDR inapoingia. Kwenye Linux, kwa soketi za TCP, inamaanisha: "Najua daftari la meli iliyoondoka halijafungwa, lakini niruhusu nifunge kamba zangu." Ni ombi la busara. Kama meli nyingine bado iko pale, yaani kuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, ombi linakataliwa hata kama programu zote mbili zimeweka mstari ule. Hiyo ndiyo sehemu ninayoomba uikumbuke.

(Nidokeze jambo dogo ambalo huwachanganya watu. Linux huangalia kama soketi ya zamani nayo iliwekewa mstari huo. Kwa hiyo ukiutia leo na kuwasha seva upya, huenda mara ya kwanza ikakataa vile vile, kwa sababu miunganisho iliyobaki ni ya toleo lisilokuwa nao. Usianze kuvunja mengine. Ngoja dakika moja.)

Twende Windows. Soketi kama tunavyozijua zilienea na 4.2BSD ya chuo cha Berkeley mwaka 1983. Microsoft na wenzake walipotengeneza Winsock, toleo la 1.1 likatoka 1993, walichukua majina yale yale ili programu zihamishike kwa urahisi. Majina yakahamishika. Maana ya hili moja haikuhamishika. Kwenye Windows, TIME_WAIT haikuzuii kushika tena poti yako ya kusikiliza, kwa hiyo mstari huu hauhitajiki kwa kazi tunayoijua sisi. Kule SO_REUSEADDR inamaanisha: "Niruhusu nifunge kamba hapa hata kama kuna meli imeshafunga." Na Windows inaruhusu! Meli mbili katika gati moja, zote zimeambiwa karibu, wala hakuna kengele inayolia. Mgeni akija, ataingia ipi? Maelezo ya Microsoft wenyewe yanasema matokeo hayatabiriki.

Usidhani kwamba ni jambo jipya. Microsoft waliona kwamba programu yoyote ingeweza kuja kuiba poti ya programu nyingine, wakaongeza SO_EXCLUSIVEADDRUSE katika Service Pack 4 ya Windows NT 4.0, mwaka 1998. Hiyo inamaanisha gati hili ni langu peke yangu. Tangu Windows Server 2003 wakaongeza ulinzi wa kulinganisha akaunti za watumiaji. Lakini nakala mbili za programu moja, za mtumiaji mmoja, zote zikiwa na SO_REUSEADDR, mpaka leo zinakaa pamoja bila shida. Kesi iliyonifikia mimi ilikuwa hiyo hasa.

Mteja mmoja, sitamtaja, ana godauni huku Mbaraki lenye mizani ya malori. Kifaa cha mizani kimeunganishwa kwa waya wa mtandao, na kila lori likipanda hutuma uzito kwa TCP hadi kompyuta ya Windows iliyo kwenye kibanda cha karani. Programu ya pale inapokea uzito kwenye poti 5050, inauandika katika faili, na jioni ofisi inachukua faili hilo ili ilinganishe na mizigo iliyotoka. Programu iliandikwa na mtu aliyekwisha kuhama. Mimi niliitwa baadaye, mambo yalipokuwa yameharibika.

Siku mbili mfululizo malori yalikosekana katika ripoti. Siku ya kwanza kumi na moja, siku ya pili karibu yote ya asubuhi. Askari wa geti anayo kwenye daftari lake, mizani haina. Wewe ukiwa ndiye mwenye mali ungefikiria nini? Walifikiria hivyo hivyo: karani anapitisha malori bila kupima na kuna pesa inaingia mfukoni. Mzee wa watu, miaka mingi kazini, akaambiwa aandike maelezo. Nilipofika alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, na nilipomwambia, "Ami, usiizime hiyo kompyuta kwanza," aliniangalia kama mtu aliyekwisha kata tamaa na kompyuta zote duniani.

Kwenye skrini kila kitu kilikuwa kizuri. Dirisha la programu limeandika "inasikiliza", kwa rangi ya kijani. Hakuna kosa kwenye kumbukumbu zake. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika:

netstat -ano | findstr 5050

Ikatoka mistari miwili yenye neno LISTENING, poti moja, nambari za mchakato mbili tofauti. Wiki ile walikuwa wameletewa toleo jipya, likawekwa katika folda mpya. Toleo la zamani halikuondolewa kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, nalo halikuwa na dirisha la kuonekana. Kwa hiyo kila asubuhi zilikuwa zinawaka mbili: ya zamani kimyakimya, ya mpya mbele ya karani ikijigamba kwa kijani. Uzito wa malori ulikuwa ukienda kwa ile ya zamani, nayo ikiuandika kwa uaminifu katika folda ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia. Malori yote yaliyokosekana tuliyakuta humo, pamoja na saa na dakika zake.

Ndani ya msimbo, bila maelezo yoyote juu yake, mstari ule.

Unaona uzuri wa mtego wenyewe? Aliyeandika aliijaribu kwenye Linux. Akiwasha nakala ya pili pale, inakataa, kama inavyotakiwa. Akizima na kuwasha haraka, inakubali, kama inavyotakiwa. Majaribio yote yamepita. Kwenye Windows nako kuzima na kuwasha kunakubali. Jaribio pekee ambalo lingeonyesha tofauti ni kuwasha nakala mbili kwenye Windows, na nani hufanya jaribio la kuhakikisha kwamba programu yake INASHINDWA?

Kuna kundi litakalosema hapa kosa ni la Windows, na dawa ni kumhamisha mteja. Nawaelewa, mimi mwenyewe ni mtu wa Linux. Lakini mwenye godauni hanunui mfumo wa uendeshaji, ananunua hesabu ya malori. Tena tusijidanganye kwamba upande wetu ni safi. Hata kwenye Linux, ukitumia SO_REUSEADDR kwa UDP badala ya TCP, soketi mbili zinaweza kushika poti moja, moja ikipokea na nyingine ikikaa na njaa. Watu wa Python walikuwa na chaguo hilo katika asyncio, kwenye create_datagram_endpoint, na tangu toleo la 3.8.1 wakaacha kulikubali kwa sababu za usalama. Na kwenye mifumo ya BSD mstari huu unakuruhusu kushika anwani ya jumla, 0.0.0.0, na anwani maalum kwa poti ile ile kwa wakati mmoja, jambo ambalo Linux inalikataa pale mmoja wao anaposikiliza. Yaani jina ni moja na tabia ni tatu.

Kundi jingine linasema tusijisumbue, maktaba zinatufanyia. Baadhi zinafanya, na zinafanya vizuri. Lugha ya Go huweka SO_REUSEADDR kwenye mifumo ya jamii ya Unix na kwa makusudi haiweki kwenye Windows, na msimbo wake una maelezo yanayoeleza kwa nini. Maktaba ya libuv, inayobeba Node.js, nayo inatofautisha. Python ilipoleta socket.create_server katika toleo la 3.8 mwaka 2019, iliweka mstari huo kwa Unix na kuuacha kwa Windows. Lakini Python hiyo hiyo ina http.server, ambayo ni ya zamani zaidi, na imekuwa ikiweka ruhusa hiyo bila kuuliza iko wapi. Kwa matoleo niliyoyatumia mimi, ukienda kwenye Windows ukawasha python -m http.server 8000 katika madirisha mawili, zote mbili zinakubali na kukaa. Jaribu mwenyewe uone, inafurahisha kidogo na inaogofya kidogo. Kwa hiyo usiniambie "maktaba inafanya" mpaka umefungua na kusoma inafanya nini.

Marekebisho niliyoyafanya ni haya, na si ya kutisha:

if os.name == "nt":
    s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_EXCLUSIVEADDRUSE, 1)
else:
    s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_REUSEADDR, 1)

Yawekwe kabla ya bind, maana baada yake hayasaidii kitu. Kwenye Windows usiishie kuuacha ule wa kwanza tu. Dai gati lako waziwazi, kwa sababu usipodai, programu nyingine yenye tabia mbaya inaweza bado kujaribu kujipenyeza.

Kuna gharama yake. Ukishadai peke yako, Windows inaweza kukukatalia kuwasha tena ikiwa miunganisho ya zamani bado haijafungwa vizuri. Ndiyo maana nilibadilisha na namna programu inavyozimika: kwanza inaacha kupokea wageni wapya, halafu inaaga kila muunganisho kwa shutdown na kuufunga, ndipo inatoka. Hii ilinichukua muda mrefu kuliko marekebisho ya soketi yenyewe, na sioni njia ya mkato.

Nitaje na jambo jingine linalofanana na hili, kwa sababu dawa yake mara nyingi hutafutwa mahali pabaya. Seva yako ikiwasha programu nyingine ndogo, hiyo ndogo inaweza kurithi soketi inayosikiliza. Unaizima seva, mtoto anabaki ameishikilia poti, na kila ukiwasha unaambiwa imeshikwa. Hapo SO_REUSEADDR kwenye Linux haitakusaidia, na ni vizuri isikusaidie, kwa maana poti kweli imeshikwa. Python ilibadilisha tabia hii tangu toleo la 3.4, mwaka 2014, soketi zikawa hazirithiwi mpaka uagize. Kwa C bado ni juu yako. Vivyo hivyo Mac: tangu Monterey, mwaka 2021, huduma ya kupokea AirPlay hutumia poti 5000, na watu wengi waliozoea kuwasha Flask hapo walikesha wakilaumu TIME_WAIT ambayo haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa likiwaambia ukweli mtupu.

Hilo ndilo linalonikera katika utamaduni wetu wa kunakili majibu. Tunalichukulia kosa la bind kama nzi wa kufukuzwa. Mmoja anatia mstari. Mwingine anaandika kitanzi cha kujaribu tena mara mia, na mwingine anaandika hati ya kuua mchakato wowote uliopo kwenye poti kabla ya kuwasha, bila kuuliza ni wa nani. (Hii ya mwisho niliiona kwenye seva iliyokuwa na hifadhidata ya mishahara. Sitasema zaidi.) Kati ya makosa yote ambayo kompyuta hutupa, hili ni miongoni mwa yale machache yanayosema jambo mahususi: kuna mwingine hapa. Kwa kibanda cha mizani, sentensi hiyo ingetokea siku ya kwanza saa moja asubuhi, mzee asingeandika maelezo yoyote.

Siku hizi programu yoyote ninayopewa kurekebisha, jaribio la kwanza ninaloongeza huwasha nakala mbili na kudai kwamba ya pili ife. Linaendeshwa kwenye Linux na kwenye Windows halisi, si kwenye Linux peke yake kwa kudhani. Na pale godaunini niliondoa ile rangi ya kijani ya bure. Bind ikishindwa, skrini nzima inakuwa nyekundu na kuandika kwa herufi kubwa: "Programu nyingine inapokea uzito katika poti 5050. Usipime lori. Piga simu ofisini."

Mzee amenipigia mara moja tu tangu hapo. Fundi wa skana alikuwa amekuja, akaweka programu yake, na nayo ikachagua 5050. Tuliihamisha kwa dakika kumi huku lori moja likisubiri, na dereva akipiga honi.